Goku Yupi Unamweka kwenye Flashi?

Ukiingia laibrari yoyote ya muvi, iwe Shinyanga mjini, Kahama, Katoro au Geita, ukatoa flashi na kusema tu "niwekee Dragon Ball Z", umeshapigwa. Wala dogo wa laibrari sio tapeli. Anakukopia kile kilichokaa juu kwenye mashine, na kilichokaa juu ndicho wengi wanachochukua, na wengi hawaulizi. Sasa Dragon Ball Z mtaani haiko moja. Kuna iliyokatwa kichwa, kuna iliyofutwa damu, kuna iliyopunguzwa stori karibu nusu, na kuna ile ambayo braza anaongea juu yake mwanzo mwisho hata pale shujaa mwenyewe, Goku, kakausha. Unaondoka na gigabaiti 30 za mzigo ambao hukuutaka, unakuja kusanuka uko kambi ya wachimbaji Rwamgasa, na kurudi mjini ni nauli.

Mzigo wenyewe kwanza. Dragon Ball Z ni kazi ya Toei Animation, imetoka kwenye michoro ya Akira Toriyama, yule mwamba aliyetutoka Machi 1, 2024 akiwa na miaka 68. Japani ilianza kuonyeshwa Aprili 1989, ikafunga Januari 1996. Episodi 291. Kila moja ipe dakika 24, unapata masaa 116 na ushee. Yaani msela wa duara akitoka shimoni, akaoga, akala, akaangalia masaa mawili kila usiku, anamaliza karibu miezi miwili. Imechorwa kwa mkono, ikapigwa kwenye filamu ya milimita 16, na picha yake ni 4:3, mraba-mraba hivi, saizi ileile ya TV ya chogo. Hiyo 4:3 iweke kichwani, maana fujo zote zinaanzia hapo.

Mwaka 2007 kampuni ya Marekani, Funimation, ilianza kutoa seti za DVD kwenye makasha ya rangi ya chungwa. Seti 9, stori yote ndani. Bei ya kishkaji, dunia nzima ikazivamia. Tatizo ni kwamba TV bapa zilikuwa zimeshaingia na watu hawataki kuona weusi pembeni mwa kioo, basi jamaa wakachukua kisu wakakata picha juu na chini ili ienee. Hesabu yake haina chenga: ukiigeuza 4:3 kuwa 16:9 kwa kukata, robo ya picha imeondoka. Kuna vipande vidogo vya pembeni walivifufua kutoka kwenye filamu, ila havilipi deni. Na hii ni katuni ambayo nywele ndio habari yenyewe! Mtu akipanda levo, nywele zinasimama, zinabadilika rangi, zinarefuka mpaka kiunoni. Wewe unakata juu. Unaona kidevu cha Vegeta na paji la uso, basi.

Halafu wakaisafisha. Filamu ya zamani ina chenga-chenga zake, zile punje zinazocheza kwenye picha, na kompyuta ukiiambia iziondoe inaziondoa kweli. Inafanya kama mtu wa mwaloni aliyefungulia maji mengi: udongo umeenda, na dhahabu ya unga imeenda nao. Mistari ya penseli inalainika, misuli inageuka plastiki, rangi zinakolezwa mpaka gwanda la Goku linapiga kelele. Kwenye kioo cha laibrari inang'aa kinoma, ndio maana dogo anakuonyesha hiyo kwanza.

Wajapani walikuwa na toleo lao la heshima tangu 2003, linaitwa Dragon Box. Marekani wakalitoa kwa zamu yao kati ya 2009 na 2011, makasha 7, picha nzima bila kisu, rangi zimetulia. Yakaisha dukani, na walionayo sasa wanayauza kwa bei ya kuotea mbali. Mwaka 2011 Funimation wakajaribu kitu kizuri zaidi, Blu-ray zinazoitwa Level, wanasafisha picha moja baada ya nyingine, mraba wake upo. Zikatoka mbili, mradi ukafa kwa gharama. Kilichofuata 2013 kinachekesha: Blu-ray za sizini, na kisu kimerudi kazini. Mpaka 2019, kwenye toleo la miaka 30, ndio mraba ukarudi, ingawa na lenyewe wameliosha sana.

Sasa wewe uko Masumbwe, makasha hayo hujawahi kuyashika, unajuaje? Macho tu. Kwenye TV bapa, ikiwa picha imejaa kioo chote na watu wana sura za kawaida, hiyo imekatwa. Ikiwa imejaa na Krillin amekuwa mpana kuliko lango la soko, hiyo ni nzima ila imevutwa, na dawa yake ipo kwenye rimoti, tafuta kitufe cha saizi ya picha urudishe 4:3. Ikiwa ina weusi kushoto na kulia, chukua. Weusi wa pembeni ndio cheti. Na kama kambini kwenu bado mnakamua TV ya chogo, mmebahatika bila kujua: katuni hii ilitengenezwa kwa ajili ya kioo hicho hicho, inakaa pale kamili. Ile iliyokatwa ukiiweka kwenye chogo inapunguzwa mara ya pili, juu weusi, chini weusi, Goku katikati kama kidole.

Masela wa simu nao nawaona. Simu za siku hizi ni ndefu, mraba ukikaa pale unaacha nafasi kubwa pande zote mbili, halafu msela anaweka vidole viwili anavuta picha ijae. Mwanangu, umehangaika kutafuta toleo zima, umelipata, umelikata mwenyewe. Acha weusi ukae, betri haimalizwi na weusi.

Tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo kijiwe kinagawanyika na watu wanakaribia kurushiana ndonga.

Ya Kijapani, Goku anaigizwa na Masako Nozawa, mama wa watu aliyezaliwa 1936. Anaigiza Goku, anaigiza Gohan, anaigiza Goten, baba na watoto wote koo moja. Ukiisikia mara ya kwanza unashtuka, ukizoea huwezi kurudi nyuma. Muziki ni wa Shunsuke Kikuchi, na huyu mzee alijua kunyamaza. Kuna mapigano unasikia upepo tu, kokoto zinadondoka, halafu tarumbeta inaingia. Ya Kiingereza ina Sean Schemmel kuanzia 1999, sauti nzito ya kishujaa, na chini yake Bruce Faulconer kajaza gitaa na vinanda vya umeme hakuna sekunde inayopumua. Wengi tuliokua na CD za kuchomwa tulilelewa na hiyo, tukisikia lile gitaa mwili unasisimka, siwezi kukudanganya. Lakini kaa chini uangalie Gohan anapompasua Cell kwa sauti ya Kijapani, ndio utajua gitaa lilikuwa linakuibia nini.

Ila kuna Kiingereza kingine cha zamani zaidi, cha 1996, hicho kikimbie. Walikuwa wanaitengenezea TV ya watoto asubuhi, kwa hiyo damu imefutwa, na mtu akiuawa wanasema amepelekwa ulimwengu mwingine, kama vile kapanda basi. Episodi 67 za mwanzo zikakatwa-katwa zikabaki 53. Muulize dogo, na akikuambia "hiyo ndio orijino", mwambie asante, ondoka.

Sasa ya tatu, ya kutafsiriwa. Hapa kuna wasomi wa gheto wanaobinua midomo, eti ya DJ, yule braza anayeongea juu ya muvi, ni ya washamba. Kausha. Sanaa hii ina wenyewe na ina historia. Bongo tumekuwa na Kapteni Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, ambaye vibanda umiza vilijaa kwa sauti yake tangu enzi za mikanda ya deki, mpaka muvi za Kizungu watu walizielewa kupitia kwake. Wakenya wana DJ Afro. Waganda wanawaita VJ, na VJ Jingo kule ni mtu mzito. Ukiwa kibandani Nyarugusu saa tatu usiku, jenereta linaunguruma nje, ndani wamebanana watu wa karasha, mama muuza samaki kapita kuchungulia, na madogo waliotoroka nyumbani, maandishi ya chini hayamsaidii mtu. Yanapita haraka, ni ya Kiingereza, na mwenzako kakaa mbele na kofia. Pale anatakiwa mtu wa kukuambia huyu nani, anamtaka nini huyu, na kwa nini anapiga kelele episodi nzima bila kurusha ngumi. DJ mzuri anaijaza ile nafasi.

Ugomvi wangu na DJ ni mmoja: hawezi kunyamaza. Goku anapomlilia Krillin, yeye bado anapiga stori. Kelele ya Nozawa pale inatosha, haina haja ya mkalimani. Kwa hiyo msimamo wangu, na nipo tayari kuutetea kijiweni: ya DJ ni ya kuangalia na watu, ya Kijapani ni ya kuangalia ukiwa peke yako au na mshikaji mmoja mwenye akili zake. Ya Kiingereza chukua kama unaipenda kwa ajili ya utoto wako, hiyo ni haki yako.

Na inauma kuona hakuna anayetutengenezea ya Kiswahili yenye waigizaji kamili. Kwamba haiwezekani? Mwaka 2011 Wachina walileta ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili, ikapita TBC, maza wa kitaa wakawa hawasogei. Mpaka Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba. Kama mke wa Beijing aliweza kugombana na mama mkwe kwa Kiswahili fasaha, Vegeta anashindwa nini? Usukumani ndio kabisa, stori tayari tunayo. Nani hapa hajasimuliwa Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu na ng'ombe wote, akabaki mama mmoja mjamzito, akamzaa Masala Kulangwa, dogo akaja kuliua na kulipasua tumbo watu wakatoka wazima? Halafu angalia sehemu ya Majin Buu: anameza Gotenks, anameza Piccolo, anameza Gohan, mpaka Goku na Vegeta wanaingia tumboni mwake kuwachomoa. Ningekuwa mimi ndio DJ, Buu ningemwita Shing'weng'we na kibanda kizima kingenielewa bila swali. Kwenye ngano yetu kuna bibi aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya wakati anaokolewa, akaanza kulalamika badala ya kushukuru. Sisi tunaolalamikia picha iliyokatwa ndio huyo bibi, najua, na sikio langu nalitaka.

Kuna na Kai, ile iliyopunguzwa stori. Mwaka 2009 Z ilipofikisha miaka 20, Toei waliichukua wakaikata upya ifuate michoro ya Toriyama tu, vijazilizi vingi nje. Sehemu ya mwisho, ya Buu, ikafuata 2014. Kwa toleo la kimataifa jumla ni episodi 167, sio 291. Unajua zile dakika tano za yule adui Frieza, anaposema sayari inalipuka baada ya dakika tano? Kwenye Z zinakula episodi karibu kumi, unaweza kutoka, ukanunua chipsi Kahama, ukarudi, bado hazijaisha. Kai inakimbia. Goku anakuwa Super Saiyan, nywele za dhahabu, kwenye episodi ya 95 ya Z. Kwenye Kai ni ya 47. Nusu ya safari. Muziki wa mwanzo wa Kai uliletwa na Kenji Yamamoto, ikaja kubainika 2011 kwamba jamaa alikuwa anakopi biti za watu, Toei wakamtoa wakarudisha za Kikuchi. Umbea kidogo huo, usikunyime usingizi.

Unachokosa kwenye Kai ni ule upuuzi mtamu. Kuna episodi, ya 125, Goku na Piccolo wanaenda kujifunza udereva kwa sababu Chi-Chi kachoka na mume asiyejua gari. Watu wawili wanaoruka angani, wanagombana na mwalimu wa leseni! Hiyo kila bodaboda wa Geita aione. Kwenye michoro ya Toriyama haimo, kwa hiyo kwenye Kai haimo.

Mambo ya ufundi nayapita haraka, ila yasipuuzwe. Faili la megabaiti 100 kwa episodi linatosha kwa simu na TV ndogo: Z nzima inakuwa gigabaiti 29 hivi, inaingia flashi ya 32 kwa kubanwa, Kai ni 17 na inabaki nafasi ya nyimbo. Ukipewa mafaili yenye maandishi "10bit" kwenye jina, uliza kwanza kama TV yako inayakubali, maana nyingi zinatoa sauti bila picha, au zinatoa picha ya kijani-kijani kama imeoza. Maandishi ya chini yakiwa ndani ya faili kwa mtindo wa ASS, deki nyingi haziyasomi, omba yaliyochomwa kabisa kwenye picha. Na zile diski zilizoandikwa 40 kwa 1, mwanangu, DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Piga hesabu mwenyewe kilichobanwa mule ndani kina hali gani.

Yupo pia yule mwenye binamu Marekani anayesema ataletewa makasha orijino. Safi, na hiyo ndiyo njia inayompa mchoraji haki yake, tusijifanye hatujui kwamba laibrari zetu hazina karatasi yoyote kutoka Toei. Ila mwambie binamu aangalie namba. DVD za Marekani ni kanda ya 1, Tanzania tuko kanda ya 5. Binamu akiwa Muscat au Dubai, kule ni kanda ya 2. Blu-ray za Marekani ni A, Afrika tuko B. Deki nyingi za Kichina hazijali namba, zinasoma kila kitu. PlayStation inajali na itakugomea. Ukitaka kulipia mtandaoni kama Crunchyroll, angalia kwanza kilichopo kwa nchi yetu kabla hujatoa hela, maana orodha yao inabadilika kila nchi, na masaa 116 ya bando sio utani. Na muda wa kuangalia njiani nao umepungua: zamani foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilikuwa inakumalizia episodi mbili. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hata huo muda haupo, unavuka ukiwa bado kwenye wimbo wa kufungulia.

Basi hukumu yangu hii hapa. Kama una TV, umeme na usiku wako, chukua Z nzima ya mraba, sauti ya Kijapani, iwe imetoka kwenye Dragon Box hata kama rangi zinaonekana zimepoa. Kama uko kambini, sola ndogo, kazi nyingi, chukua Kai na usimuonee mtu aibu. Kama nyumba ina madogo na wazee, chukua ya DJ, na msikilizane kwanza dakika tano, maana DJ mbaya kwa episodi 291 ni kifungo. Ya chungwa iliyokatwa, hata ukipewa ya bure, iache.

Na ukifika laibrari usiseme "niwekee". Sema "fungua 95". Goku akigeuka dhahabu hapo, nywele zote zinaonekana na weusi uko pembeni, ndio yenyewe. Ukikuta dhahabu imeshatoka kwenye 80 hivi, umepewa hesabu ya ile ya Marekani iliyokatwa-katwa. Ikiwa nywele zimegonga juu ya kioo zikapotea, mwambie dogo ashuke chini kwenye foda zake, mara nyingi ipo nyingine. Hela itoe baada ya hapo.